Arthur Black na Nyumba za Ajabu: Swali Ambalo Afisa Hakuuliza

Majira ya baridi ya mwaka 2002 yalinikuta Kanada, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Kila Jumamosi asubuhi bibi huyo alifungua redio jikoni kwake, juu ya kichwa changu, na sauti ya mtangazaji ikapenya sakafu hadi kitandani kwangu. Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo asiye na haraka, akizungumza kama mtu aliyekaa barazani na kahawa yake. Jumamosi ya tatu nilipanda ngazi kumuuliza bibi ni nani huyo. Akanijibu: "Ni Black." Mimi niliyekuwa Mwafrika pekee katika mtaa ule nilifurahi mno, nikidhani nimepata ndugu. Bibi alicheka hata akalazimika kuweka kikombe chake mezani. Arthur Black alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Toronto.

Tangu siku hiyo nilialikwa kusikilizia jikoni. Wala sikujua kwamba nilikuwa nasikiliza msimu wa mwisho wa kipindi kilichodumu miaka 19.

Naandika habari za mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: maisha yake ya utangazaji yanatuonesha jinsi ucheshi unavyoweza kuwa kazi ya umma, yenye heshima sawa na taarifa ya habari. Ya pili inaniuma zaidi, nayo inahusu kipindi chake cha televisheni kilichotembelea nyumba za ajabu. Katika kipindi kile kulikuwa na swali moja dogo ambalo, laiti lingeulizwa nyumbani kwetu nilipokuwa mtoto, pengine chumba cha bibi yangu kingekuwapo hadi leo. Nitafika huko.

Arthur Black alizaliwa mwaka 1943. Jina lake la utangazaji hakulijengea Toronto, bali Thunder Bay, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Ziwa Superior, ambako aliendesha kipindi cha mchana katika redio ya CBC, shirika la utangazaji la umma la Kanada. Mji wenyewe ni kichekesho cha kisiasa. Mwaka 1970 miji miwili jirani na mahasimu, Fort William na Port Arthur, iliunganishwa kuwa mmoja, baada ya wananchi kupigia kura jina jipya. Wengi walitaka jina la Lakehead. Lakini karatasi ya kura ilikuwa na machaguo matatu: Lakehead, The Lakehead na Thunder Bay. Lakehead ilipata kura 15,302, The Lakehead ikapata 8,377, na Thunder Bay ikashinda kwa kura 15,870. Waliolitaka jina moja waligawanywa na kiambishi kisicho na uzito wowote, na walio wachache wakatwaa ushindi. Wanafunzi wangu wa mifumo ya uchaguzi wanaujua mfano huu kwa moyo. Mtu akiishi katika mji uliopata jina kwa njia hiyo, sidhani kama atakosa kujifunza kuyatazama mambo ya serikali kwa jicho la ucheshi.

Mwaka 1983 alipewa kipindi cha taifa zima, Jumamosi asubuhi. Kiliitwa Basic Black. Ni mchezo wa maneno: kwa Kiingereza hilo ni jina la vazi jeusi la kawaida, lisilo na madoido, linalofaa kuvaliwa popote, na papo hapo ni jina lake la ukoo. Aliupenda mchezo huo. Vitabu vyake vitatu vilivyompatia tuzo, Black in the Saddle Again, Black Tie and Tales na Pitch Black, vyote vimebeba jina lake katika mzaha wa namna hiyo. Kipindi kilikuwa mchanganyiko wa mazungumzo, visa na muziki. Kilichonivutia ni watu waliopewa nafasi. Taarifa za habari zilikuwa na mawaziri na wakurugenzi. Yeye alikuwa na watu wenye shauku za ajabu, watu ambao majirani zao huwatikisia vichwa. Aliwahoji kwa udadisi wa kweli, na waliposema jambo la kuchekesha, wao ndio waliocheka kwanza.

Tujiulize: kwa nini kipindi cha namna hiyo kilidumu miaka 19? Jibu halimo katika kipaji cha mtu mmoja pekee. Limo katika historia ya taasisi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wakanada wengi walikuwa wakisikiliza stesheni za Marekani, kwa kuwa mawimbi ya redio hayasimami mpakani kugongewa pasipoti. Tume iliyoongozwa na John Aird ilipendekeza mwaka 1929 kwamba utangazaji uwe huduma ya umma. Wanaharakati vijana, Graham Spry na Alan Plaunt, waliunda jumuiya ya kuipigania hoja hiyo, wakiwaeleza wananchi kwamba njia ziko mbili tu: ama dola yao wenyewe iendeshe redio, ama waiachie Marekani. Mwaka 1932 kikaundwa chombo cha kwanza cha utangazaji wa umma, na mwaka 1936 ikazaliwa CBC. Katikati ya miaka ya 1970 redio ya CBC iliacha karibu matangazo yote ya biashara.

Uamuzi huo wa mwisho ndio uliomwandalia Black kiti. Redio inayoishi kwa matangazo ya sabuni humwogopa mtu wa ajabu, kwa sababu muuza sabuni hataki msikilizaji ashangae, anamtaka anunue. Redio ya umma iliweza kumpa mzee mwenye shauku isiyo na faida dakika kumi za hewani bila kuulizwa ameingiza kiasi gani. Watumishi wa umma wanaonisoma wasiipite hoja hii haraka. Ucheshi ule uligharimiwa kwa fedha za walipa kodi, na walipa kodi walirudishiwa kitu kisichouzwa dukani: fursa ya kujisikia wenyewe kwa wenyewe katika nchi ambayo kutoka pwani moja hadi nyingine ni safari ya maelfu ya kilomita.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Black alitunzwa mara tatu, mwaka 1997, 2000 na 2006, kwa Nishani ya Stephen Leacock ya ucheshi. Naomba msomaji aniruhusu nisimame kidogo kwa Leacock, kwani anatuhusu sisi walimu wa vyuo. Stephen Leacock alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1903, akafundisha uchumi na sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na kuiongoza idara hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1906 alichapisha kitabu cha kiada cha sayansi ya siasa kilichosomwa vyuoni katika nchi nyingi. Dunia haimkumbuki kwa kitabu hicho. Inamkumbuka kwa visa vya kuchekesha, hasa Sunshine Sketches of a Little Town cha mwaka 1912, kilichousawiri mji mdogo pamoja na wanasiasa wake, wachungaji wake na wafanyabiashara wake.

Lakini Leacock ananipa pia onyo. Mtu yuleyule aliyeucheka kwa upendo mji wake mdogo alikuwa mtetezi wa ubeberu wa Kiingereza. Mwaka 1907 na 1908 alizunguka makoloni akihutubia juu ya umoja wa himaya ile. Upendo wa kichekesho chake ulikuwa na mpaka, nao haukufika kwa watu wa rangi yangu. Tuliweke jambo hilo akilini, maana litarudi.

Sasa tuje kwenye televisheni. Black aliongoza katika kituo cha Life Network, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1995, kipindi kilichoitwa Weird Homes, yaani Nyumba za Ajabu. Kilikuwa na ndugu yake, Weird Wheels, kilichohusu magari ya ajabu. Muundo wake ulikuwa mwepesi: nyumba isiyofanana na nyumba nyingine, na mwenye nyumba anayeeleza namna alivyoijenga na kwa nini. Bibi mwenye nyumba wangu alikuwa na televisheni ndogo, na jioni tulikitazama pamoja. Mwanzoni nilitegemea kuona watu wakidhihakiwa. Televisheni inajua sana kufanya hivyo: humpeleka mpigapicha kwa mtu maskini au mpweke, humwacha aseme, kisha humkata katikati ili watazamaji wacheke. Kipindi hiki kilitumia njia nyingine. Mwenye nyumba aliachwa amalize sentensi yake.

Msomaji asiyeijua nchi ile huenda anajiuliza nyumba hizo ni za namna gani. Kanada ina utamaduni mrefu wa wajenzi waliojenga kinyume cha majirani zao. Nitataja wawili.

Huko British Columbia, katika kijiji cha Boswell kando ya Ziwa Kootenay, alikuwapo David Brown, aliyefanya kazi ya kuandaa maiti na kusimamia mazishi kwa miaka 35. Alipostaafu, mwaka 1952, alianza kujenga nyumba yake kwa chupa za mraba zilizokuwa na dawa ya kuhifadhia maiti. Alizunguka magharibi ya nchi akikusanya chupa tupu kwa wenzake wa kazi, hadi zikafika kama 500,000. Maisha yote alikuwa amewahudumia wafu. Uzee wake aliutumia kugeuza mabaki ya kazi hiyo kuwa kuta zinazopitisha mwanga wa jua. Ilikuwa nyumba ya kuishi, lakini wapita njia waliosimama kushangaa walikuwa wengi kiasi kwamba mwishowe familia ilianza kuwapokea kama watalii.

Pwani ya pili ya nchi, katika Kisiwa cha Prince Edward, Édouard Arsenault alikuwa mvuvi na mlinzi wa mnara wa taa wa Cap-Egmont. Mwaka 1980, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alianza kujenga kwa chupa zilizotupwa na watu wa eneo lake. Alijenga nyumba, kilabu cha pombe na kanisa dogo, kwa chupa zaidi ya 25,000. Alifariki mwaka 1984. Mtu aliyeishi akiwasha taa ili mabaharia wasipotee alimaliza siku zake akiukusanya mwanga ndani ya kuta.

Ukiyatazama majengo haya kwa nje tu, utasema ni wazimu. Lakini nyumba njema si mlango. Ukimuuliza mwenyewe, unaipata historia nzima: kazi ya mtu, wafu wake, imani yake, takataka za jirani zake na uchumi wa eneo lake. Nyumba ya ajabu ni wasifu ulioandikwa kwa vitu. Ndiyo maana naiona kazi ya Black kuwa kazi ya mwanahistoria aliyefika bila kalamu nyekundu. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini umejenga hivi?

Hapa ndipo inaponilazimu kusema la nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alijenga nyumba ya vyumba vitatu katika mji wetu, nyumba ya kawaida ya matofali na mabati, kisha akamleta mama yake kutoka kijijini. Bibi yangu alikuwa amezaliwa, kuolewa na kuzaa ndani ya msonge. Usiku wa kwanza katika chumba chenye pembe nne hakulala. Alisema pembe zinamtazama. Baba hakubishana naye. Alijenga ubavuni mwa nyumba chumba cha duara, kwa matofali yaleyale, akakiezeka kwa nyasi. Mtaani walikuja kucheka, wakakiita kichuguu. Bibi alilala humo kama mtoto mchanga.

Baada ya mwaka mmoja walikuja maafisa wawili na kopo la rangi. Chumba hakikuwamo katika ramani iliyoidhinishwa, na paa la nyasi lilikatazwa katika eneo lile. Baba aliwaomba waingie wakaone kwa nini alikijenga. Hawakuingia. Waliandika alama ya X kubwa ukutani, wakaandika kitu katika daftari, wakaondoka. Chumba kilibomolewa alasiri moja. Bibi alirudi kijijini wiki ileile, na hakuja mjini tena.

Siwalaumu maafisa wale kwa kufuata sheria. Paa la nyasi huwaka moto, na miji ina haki ya kujilinda. Nimefundisha sheria ndogo za serikali za mitaa kwa miaka mingi na najua sababu zake. Ninacholalamikia ni kwamba hawakuuliza. Laiti wangeuliza, pengine chumba kingeezekwa kwa bati, kikabaki na mduara wake, na kanuni isingevunjwa. Swali moja lingemgharimu afisa dakika tano.

Kwa hiyo, nilipokuwa jikoni kwa yule bibi wa Kanada nikiona watu wanaoulizwa "kwa nini" kwa heshima, nilihisi furaha na wivu kwa pamoja. Nilidhani nimeiona nchi iliyojibu swali la baba yangu. Miezi michache baadaye, maktabani, nilisoma habari za Halifax, nami nikalazimika kufikiri upya.

Katika jimbo la Nova Scotia aliishi mchoraji Maud Lewis, aliyezaliwa mwaka 1903 na kuteswa na ugonjwa wa viungo tangu ujana. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki. Waliishi Marshalltown, katika kibanda cha chumba kimoja kisichokuwa na umeme wala maji ya bomba. Maud alikijaza maua, ndege na vipepeo vya rangi, mlangoni, ukutani, madirishani, hata kwenye jiko. Picha zake aliziuza kwa dola chache kando ya barabara. Mwaka 1965 televisheni ya CBC ilimwonesha kwa taifa zima, na maagizo yakamiminika. Alifariki Julai 1970. Baadaye serikali ya jimbo ilikinunua kibanda chake, kikakarabatiwa, na leo kimesimama kizima ndani ya jumba la sanaa la jimbo hilo, mjini Halifax.

Katika mji huohuo wa Halifax, kando ya ghuba ya Bedford, palikuwa na kijiji cha watu weusi kilichoitwa Africville, kilichokuwapo tangu karne ya 19. Nyumba zake zilijengwa na wenyewe, kila moja kwa namna yake, baadhi zikiwa na rangi za kung'aa. Wakazi walilipa kodi, lakini mji haukuwapelekea maji, mifereji ya majitaka wala lami. Uliwapelekea reli, gereza, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na dampo. Kisha, kati ya mwaka 1964 na 1970, mji uleule uliziita nyumba hizo makazi duni na kuzibomoa. Watu wapatao 400 walihamishwa, na mizigo ya baadhi yao ilibebwa kwa malori ya taka. Waliokosa hati za ardhi walipewa dola 500. Kanisa lao lilibomolewa usiku, mwaka 1967. Nyumba ya mwisho ilianguka Januari 1970, miezi sita kabla ya Maud Lewis kufariki.

Tulinganishe bila hasira. Kibanda kimoja hakikuwa na maji, kikawekwa katika jumba la sanaa. Nyumba nyingine hazikuwa na maji, zikapelekewa tingatinga. Ujenzi haukuwa tofauti kiasi hicho. Tofauti kubwa ni kwamba kwa Maud mtu alifika na kamera, akaketi, akauliza. Africville maswali yaliyowafikia yalikuwa ya hati na vipimo. Meya wa Halifax aliwaomba radhi watu wa Africville mwaka 2010, zaidi ya miaka 40 baada ya kanisa lao kubomolewa.

Sisemi haya kumshusha Arthur Black. Hakuibomoa Africville, na njia yake ya kuuliza ndiyo iliyokosekana pale. Nasema kwamba uajabu ni haki, na kama haki nyingine zote, hugawanywa. Kuna anayejenga nyumba ya duara akaitwa msanii, na kuna anayejenga nyumba ya duara akaitwa mvamizi. Mwanaharakati anayepigania makazi asiishie kudai fidia. Adai pia mwenye nyumba asikilizwe kabla ya rangi nyekundu kufika ukutani. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu mipango miji asiishie kwenye ramani, aingie ndani. Nawe mtumishi wa umma uliyepewa kopo la rangi, sheria unayoisimamia haikukatazi kugonga mlango na kuuliza.

Black alihamia Kisiwa cha Salt Spring, karibu na Vancouver, akaendelea kuandika. Alifariki huko Februari 21, 2018, kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 74. Bibi mwenye nyumba wangu alikuwa amekwisha kutangulia. Habari ya kifo chake niliisoma ofisini kwangu kati ya vipindi viwili, na jioni ile nilimpigia baba simu. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: ile duara aliipimaje bila kuwa fundi? Aliniambia alichomeka kijiti katikati ya kiwanja, akafunga kamba, akamwambia bibi alale chini ili kamba ikatwe kwa kimo chake.

Tulicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza.